Kahawa Iliyokataa Kuwa Nyekundu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana nami nilimwapia Ketrina, na wote niliowasimulia hapa Igamba wameapa vilevile. Ilikuwa mwaka ule Warusi waliporusha mwezi wa bati angani. Gogo letu la kukalia liko mbele ya ghala la kahawa. Ketrina huleta birika la kahawa, nami huchambua maharage na kusikiliza. Asubuhi hiyo mumewe, Timotheo, alikuwa kajishika kichwa. Yeye ndiye mlinzi wa miti ya kahawa ya majaribio, na Bwana Shamba alikuwa anakuja kuona matunda yake ya kwanza, ili mwakani mbegu igawiwe watu.

— Nangoja yawe mekundu, sioni hata moja. Yanaibwa! Leo kazi sina.

— Si mwizi, alisema Rubeni, tunayemwita Redio kwa sababu shemeji yake anayo. Ni ule mwezi wa bati. Unavuta.

— Unavuta kahawa?

— Sayansi hiyo! Mwakani utavuta na mahindi. Utalima Igamba, uvune mbinguni.

— Mwongo we! alidakia Efraimu, jina lake Msumeno, maana hukata kila neno la mwenzake. Hiyo miti imefundishwa kujichuma. Mwakani itajikoboa, mwaka wa pili itajikaanga. Wahenga walishasema, mchumia juani hulia kivulini.

— Analia nini?

— Kazi! Miti ikijichuma, mchumaji si atakaa kivulini alie?

— Ketrina mwanangu, nikasema, wamiminie hawa, akili zimekauka.

Akamimina. Mkono mmoja birika, wa pili umeshika fundo la kanga kiunoni.

Ndipo Bwana Shamba akashuka kwenye baiskeli yake. Tukampa kikombe. Akanywa, akafumba macho, akanywa tena.

— Tamu hii! Ya shamba la nani?

Tukamgeukia Ketrina. Akakwapua birika aondoke, na fundo la kanga likafunguka kiunoni. Matunda ya kahawa yakamwagika, yakabingirika mpaka kwenye viatu vya Bwana Shamba. Ya njano kama kiini cha yai.

— Ketrina! akaruka Timotheo. Ni wewe?

— Yalikuwa yanaumwa, baba Tumpe! Kahawa za wenzetu zinakuwa nyekundu, hizi kila nikiamka njano, njano. Nikasema Bwana Shamba akiyaona atakufukuza, atadhani umeua miti. Nikawa nayachuma alfajiri, kabla hujaamka. Kutupa nikaona dhambi, nikakaanga.

Bwana Shamba akaokota tunda moja, akalifuta kwa kidole.

— Mama, mbegu hii ikiiva ndiyo rangi yake.

Timotheo akamtazama mkewe. Bwana Shamba naye akachungulia kikombe chake. Majaribio yote ya mwaka yalikuwa yamebaki robo kikombe.

Akayamaliza.

— Timotheo, kazi yako ipo. Okoteni haya yaliyomwagika, mwakani tutayapanda. Na wewe, mama, yakiumwa tena, yaache yaumwe.