Benchi Lililorudi Kutoka Harusini

Benchi letu limerudi likiwa zuri kuliko sisi tunaolikalia. Liliondoka Ijumaa kwenda harusini likiwa na mguu mmoja mfupi, msumari uliokwisha kuchana suruali tatu, na rangi ambayo hakuna aliyekumbuka ilikuwa gani. Jumatatu alasiri niliinua macho kutoka kwenye cherehani, nikaliona limewekwa mahali pake mbele ya duka langu, limepigwa msasa, limepakwa buluu, miguu yote minne imekaa chini kwa adabu. Tulilisogelea kama watu waliokosea nyumba. Wa kwanza kukaa alikuwa Mzee Faili, karani mstaafu. Kwa miaka sita amezoea kulalia kushoto ili benchi lisimwangushe, basi akalalia kushoto, na kahawa yote ikamwagikia gotini.

— Hii ni dharau, akasema, anajipangusa kwa gazeti. Mtu unamwazima benchi bovu, anakurudishia zima. Anataka kutuambia nini?

— Anataka kutuambia anazo, akasema Wembe.

Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili, na jina hilo kalipata kwa ulimi, si kwa kazi. Pembeni yake alikaa Mawimbi, fundi redio, ambaye huamini kila kinachosemwa mradi kisemwe kwa sauti ya chini. Kahawa anatuuzia Mama Birika, anayekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kutusikiliza bila malipo. Mimi ni fundi cherehani. Wananiita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu, na wanadai hata kuoga naoga nayo.

Tuliyekuwa tukimsema ni Rangi, fundi wa kupaka rangi majumba, ambaye mpaka wiki mbili zilizopita alikuwa anakaa hapa hapa nasi, suruali ina madoa ya kila nyumba mtaani. Jumamosi kaoa. Hakuunda kamati, hakupitisha kadi za michango. Alichofanya ni kupita kwa kila mmoja wetu na kuomba kitu ambacho tulikuwa tunataka kukitupa.

Tulimcheka mpaka Mama Birika akatukemea. Wembe akampa kioo kikubwa kilichopasuka kona. Mawimbi akampa spika iliyokuwa inakoroma. Mzee Faili akampa majalada matupu aliyotoka nayo ofisini siku ya kustaafu, sijui ya nini. Mama Birika akatoa makopo ya kahawa. Mimi nikampa gunia la mabaki ya vitambaa. Alipofika kwenye benchi, Wembe akamwambia alichukue, tena asiharakishe kulirudisha. Harusini tulikwenda wote, na nisidanganye, tulikwenda kucheka.

Hatukucheka. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye ua wa duka la mbao, watu arobaini, chai na keki aliyoioka bibi harusi mwenyewe, maana anafanya kazi kwenye duka la mikate. Mabaki yangu yalikuwa yamekatwa pembe tatu tatu, yametungwa kwenye uzi, yanapepea juu ya vichwa vya watu. Makopo yalikuwa na maua ya uani. Kioo kilisimama nyuma ya maharusi, ule ufa umefunikwa kwa majani, na watu arobaini wakaonekana themanini. Na maharusi walikuwa wamekaa kwenye benchi letu.

— Kile kioo, akasema Wembe. Miaka miwili kimekaa kwangu kimegeukia ukuta. Kabla ya hapo hakikuwahi kunionyesha chochote zaidi ya sura yangu. Kimefika kwake, kimeonyesha umati.

— Bila spika yangu mngeona umati wa mabubu, akasema Mawimbi. Alifungua tu, akakaza waya mmoja. Waya mmoja. Mimi niliutazama ule waya nikaona hauna shida.

— Na mialiko ilikuwa imeandikwa kwenye majalada yangu, akasema Mzee Faili. Kwa nje bado yanasomeka "Siri". Watu wameitunza.

Kila mmoja akawa anadai harusi ile ilisimama kwa kitu chake, na kila mmoja akawa na uchungu kwamba kitu chake kilisimama kwa mwingine. Mimi nilikuwa nachezea futi. Nilikuwa na wivu kuwapita wote, ule wa kumkosesha mtu hamu ya kula, na nilijua nikifungua mdomo utaonekana.

— Tuseme ukweli, akaendelea Wembe. Pesa kapata wapi?

Mama Birika akasema pesa gani, mbona vitu vyote vilikuwa vyetu.

— Kuna mtu nyuma yake, akasema Wembe. Mtu aliyepakiwa nyumba kubwa akaridhika, akamwambia kijana wewe oa, mimi nipo. Zile takataka zetu zilikuwa za kuficha.

— Mtu mmoja hawezi, akasema Mawimbi, na akashusha sauti, tukajua yanakuja. Lile ni tangazo. Mliona ule ukuta wa uani ulivyopakwa? Mliona mpiga picha alivyokuwa anarudi nyuma nyuma? Kiwanda cha rangi kimelipa kila kitu. Tutajiona kwenye bango barabarani, Wembe ameshika keki.

— Nilikula kipande kimoja.

— Viwili. Na kwenye bango vitaonekana viwili.

Mzee Faili akainua kidole. Akiinua kidole, lazima tumsubiri.

— Wahenga walisema, akaanza. Tukasubiri. Wahenga walisema... Basi, walisema vizuri sana. Maana yake ni kwamba harusi yenyewe bado. Ile ilikuwa jaribio. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini, kila shughuli ina rasimu. Ile ilikuwa rasimu. Anaandika majina ya waliokuja na mikono mitupu. Harusi kamili itakuwa hotelini, na humu hataitwa mtu.

Hapo Wembe akageuza maneno haraka, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mkono mtupu.

— Mimi naona kashinda bahati nasibu, akasema. Kashinda, na anajifanya maskini ili tusimkope. Ndiyo maana karekebisha benchi. Ni dhamiri inamsumbua.

— Au yule bibi harusi, akasema Mawimbi, ni mtoto wa mwenye kile kiwanda. Anauza mikate kujificha.

Mama Birika akacheka peke yake, akamimina. Mzee Faili akataka kujua mbona Futi leo kama kamezwa na cherehani. Wembe akasema niachwe, nina mawazo, shemeji alikuwa harusini, na yeye Wembe aliona alivyokuwa akitazama.

Shemeji ni mchumba wangu, mwalimu wa chekechea. Hapa kijiweni wanamwita Mwalimu, na wakitaka kushonewa kitu bure wanamwita shemeji. Miaka minne namwambia asubiri kidogo. Nilitaka ukumbi wenye taa za kuning'inia, keki ya ngazi tano, magari yaliyofuatana, na Rangi mwenyewe awe kwenye kamati akihangaika kunitafutia viti. Nimeshona magauni ya maharusi wa watu mpaka idadi imenipotea, ila mwili wake yeye sijawahi kuupima. Nilikuwa nasema gauni lake linasubiri kitambaa cha maana.

Pale uani alisimama karibu yangu. Alinyoosha mkono akashika kipande cha lesi kilichokuwa kinapepea, akaniuliza kilitoka wapi. Nikamwambia ni mabaki ya gauni la mtu. Akakiachia taratibu.

— Mabaki yako yamefika harusini kabla yetu, akasema.

Hilo sikuwaambia wenzangu. Lakini Jumatatu ile, nikiwa nimekaa kwenye benchi lisilotikisika, nikiwasikiliza wakihesabu viwanda na bahati nasibu, kitu kikanibana, nikajikuta nimesema.

— Hakuna kiwanda. Alikuja kwangu akachukua gunia, akalikata kwa mkasi wake mwenyewe. Mimi hilo gunia nimelala nalo chumba kimoja miaka yote, nalipiga teke kila asubuhi nikipita. Sikuona kitu.

— Kwa hiyo unamwonea wivu, akasema Wembe.

— Ndiyo. Mpaka usingizi hauji. Jumamosi tulipotoka pale nilimsindikiza Mwalimu. Tulipofika mlangoni kwao akaniuliza: unanioa mimi, au unaoa ukumbi?

— Ukamjibu nini?

— Nikamwambia tutaongea.

Kijiwe chote kikaguna. Hata Mama Birika akatikisa kichwa, na huwa hana kawaida hiyo. Mzee Faili akasema kwamba yeye katika miaka thelathini ameandika "tutaongea" kwenye barua nyingi sana, na hakuna hata moja iliyopata majibu. Wembe, ambaye nilitegemea anikate vipande, alitazama kikombe chake tu. Nikajua hali ni mbaya.

Ndipo tulipomwona Mwalimu anakuja. Alikuwa ametoka kazini, mkoba begani, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Hatukuwa tumeonana tangu Jumamosi. Akampa Mzee Faili shikamoo, akasalimia wengine, kisha akalitazama benchi, akapitisha kidole kwenye buluu ile kuona kama imekauka.

— Samahanini, akasema. Hili benchi Jumamosi ijayo lina kazi?

Watu waliokuwa wanajua siri za viwanda hawakujua ratiba ya benchi lao. Mawimbi akamtazama Wembe, Wembe akamtazama Mzee Faili, Mzee Faili akainua kidole, akakishusha. Kusema halina kazi ilikuwa kunipangia siku. Kusema lina kazi ilikuwa kumfukuza. Wote wakageuka kunitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nilitamani mguu ule mfupi urudi, tuanguke, mambo yaishe.

Hakurudia swali. Aliuweka mkoba wake chini, akasimama mbele ya mlango wa duka, mgongo wima, mikono ameiachia mbali kidogo na mwili, kama wanavyosimama wateja wangu wakisubiri kupimwa. Alikuwa anatazama barabarani. Nikajua nikimwacha ashushe ile mikono, hatainyanyua tena kwa ajili yangu.

Nikasimama. Nikavua futi shingoni. Mikono yangu, iliyopima maharusi wangapi sijui, ilishindwa kuupata mwanzo wa namba, ikabidi yeye anishikie ncha begani. Nikapima bega, nikapima mkono. Nikamuuliza kama atakubali lesi ya vipande, maana lile gunia halikuisha. Akasema anaijua, ameshaichagua.

Nyuma yangu Mama Birika alikuwa anakung'uta birika tupu. Nikasikia benchi likipunguziwa uzito, mmoja baada ya mwingine wakiinuka kuliacha wazi. Kisha nikamsikia Wembe akimnong'oneza Mawimbi, kwa ule uchungu wake wote:

— Na huyu naye, pesa kapata wapi?