Jumapili za Sagrario: Maisha ya Kocha Eustaquio Lacunza Ibero (1959–2024)

Eustaquio alizaliwa Tafalla, Navarra, tarehe 20 Septemba 1959, siku ya mtakatifu aliyempa jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Babil, fundi wa kiwanda cha chuma, na mama Petra. Anayewasomea haya ni dadaye mdogo, Nieves. Amemuuguza miezi minane; akikwama, mvumilieni.

Alisoma kwa mapadri wa mjini hadi 1974. Hesabu zilimpiga chenga. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: “Huwapanga wenzake wakae wapi, yeye mwenyewe hakai.” Baada ya hapo alikereza vyuma kando ya baba yake kwa miaka mitatu.

Mwaka 1977 alijiunga na klabu ya hapa mjini, Unión Cidacos, kama kiungo wa kati, na 1981 akachukuliwa na klabu moja ya Burgos. Hakuwa na mbio. Alijua tu mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka, na kwa hilo alikula miaka kumi na saba, mpaka goti la kulia lilipogoma Juni 1994.

Alifunga ndoa na Sagrario Zabalza katika kanisa la Santa María tarehe 12 Mei 1986. Ilikuwa Jumatatu, maana Jumapili bwana harusi alikuwa na mechi. Bibi harusi alicheka, akidhani ni mara moja. Walijaliwa Leyre na Aitor.

Alipotundika viatu alimwambia mkewe, “Sasa Jumapili zote ni zako.” Wiki tatu baadaye akaenda Pamplona kusomea ukocha.

“Umeacha kucheza au umeacha mpira?” Sagrario alimuuliza.

“Mwaka mmoja tu, mke wangu. Cidacos wameniomba niwafundishe.”

Zamani mpira ulichukua Jumapili peke yake. Ukocha ulichukua na Jumatatu ya kulaumiwa, Jumanne ya majeruhi na Alhamisi ya kupanga kikosi. Sagrario alipika maharage meupe kila Jumapili, akala na watoto, na sahani ya nne ikafunikwa. Tuseme ukweli, ilichosha.

Kosa lake mnalijua. Tarehe 28 Mei 2017 Cidacos walihitaji bao moja wapande daraja. Dakika ya themanini na nane winga Oier alikuwa akiukimbilia mpira kwenye mstari wa pembeni, mbele yake kipa tu. Mpira ukaja mbele ya benchi. Kocha wetu, na viatu vyake vya ngozi, akautuliza kabla haujatoka, akampasia beki wetu pasi safi kabisa. Jukwaa lilipiga makofi, kisha likanyamaza.

“Kocha! Haujatoka!” Oier alilia.

“Mguu ulitangulia, mwanangu. Kichwa nimekiacha nyuma.”

Wapinzani walipewa mpira wa adhabu, yeye kadi nyekundu, na timu ikabaki ilipo. Alifungiwa mechi nne za mwanzo wa msimu uliofuata. Mji mzima uliomboleza, lakini Septemba ile alikula maharage ya moto Jumapili nne mfululizo. Ya kwanza alikula na redio sikioni. Ya nne aliizima mwenyewe, akaosha vyombo. Ya tano akarudi benchini.

Saratani ya kongosho iligundulika tarehe 5 Machi 2024. Alifundisha akiwa amekaa kitini hadi Oktoba. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 8 Novemba, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana rais wa klabu, Don Casimiro, alikuja kuomba jeneza lipitishwe uwanjani kabla ya mechi ya leo.

“Dakika kumi tu, Doña Sagrario. Watu wamuage.”

“Dakika kumi zenu nazijua, Casimiro. Mwaka mmoja wenu ulikuwa thelathini. Mmemtumia akiwa mzima, mmemtumia akiwa mgonjwa. Leo Jumapili. Leo ni wangu.”

Don Casimiro alitazama chini, akasema, “Haya, mama,” akaondoka.

Kwa hiyo tukitoka kanisani tutapinda kushoto, moja kwa moja makaburini. Wenye mechi waende, hakuna atakayewalaumu.

Ameacha mjane, Sagrario, watoto, Leyre na Aitor, mjukuu, Nahia, na dada, Nieves. Mungu ampe Eustaquio pumziko la amani, na Sagrario naye apumzike.