Mwalimu Theodosia na Neno Lililogoma Kinywani

Baada ya miaka kumi na minne ya kufundisha darasa la uraia katika kituo chetu cha Highview, Louisville, Mwalimu Theodosia Irakoze anastaafu tarehe 26 Juni 2026.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla ya kuletwa Columbus, Marekani, ambako alifunga maboksi ghalani na kuwafundisha wenzake Kiingereza wakati wa mapumziko. Kisha akahamia Buffalo, alikoishi hadi alipokuja kwetu. Majira ya theluji alijifunga vitenge viwili juu ya suruali; wenzake wa kiwandani Tonawanda walisema akisubiri basi anafanana na robota la mitumba. Alicheka, akaongeza cha tatu.

Wengi wetu tutamkumbuka kwa swali moja la mtihani wa uraia: taja tatizo mojawapo lililoleta vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Majibu yanayokubaliwa ni zaidi ya moja. Mwanafunzi mwenzetu, Papa Masumbuko, alichagua "slavery", utumwa, lakini mbele ya ofisa wa uhamiaji ulimi ukatoa "salary", mshahara. Alikosa kufaulu kwa jibu hilo moja. Ilibaki nafasi ya mwisho, na bila uraia ombi la kumleta binti yake Gracieuse, aliyebaki kambini Nyarugusu, lingechukua miaka mingi zaidi.

Gentille, mratibu wetu, alimhurumia, akamshauri ajibu "haki za majimbo", kwa kuwa kwa Kiingereza, "states' rights", ni rahisi kutamka. Papa alifurahi. "Bon, hiyo inapita muzuri mu kinywa!"

"Haki ya kufanya nini, Papa?" Mwalimu akamuuliza.

Jumamosi hiyo alitupeleka ukingoni mwa mto Ohio. Upande wetu huu, alisema, watu waliuzwa; ng'ambo, Indiana, utumwa ulikatazwa. Akatusomea tamko la jimbo la Mississippi lilipojitenga na Marekani, linalokiri lenyewe kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa.

"Ukitaja majimbo utafaulu, Papa. Chagua mwenyewe. Ila ujue walipigania haki gani."

Papa akamgeukia. "Madamu, watu wa bunduki walinibebesha mizigo mu pori. Bila kulipa. Donc, nitasema ile neno."

Siku ya usaili ulimi ukamsaliti tena. Safari hii hakuishia hapo: watu wanafanya kazi, alieleza kwa Kiingereza chake, wanapigwa, wanauzwa, "no salary!" Ofisa akauliza kama anamaanisha utumwa. Papa akaitikia kwa sauti iliyofika mapokezini. Alifaulu, na mwaka jana tulikwenda naye uwanja wa ndege kumpokea Gracieuse.

Mwalimu sasa anarudi Buffalo kwa wajukuu. Asante, Mwalimu, kwa kutuhesabu watu wazima wanaostahili kuujua ukweli, hata sisi ambao tungeridhika na kufaulu tu. Mungu akujalie miaka mingi ya furaha, na wajukuu wasichoke kukuuliza maswali magumu.