Mzee Nsajigwa Mwakilasa, Aliyewataja Wachangiaji Sokoni

"Mzee, jina langu litoe humo! Andika msamaria mwema, inatosha!"

Hivyo ndivyo Erasto, mfanyabiashara wa mbao, alivyomfokea marehemu babu yetu, Mzee Nsajigwa Mwakilasa, Septemba 2015. Babu alikuwa mtunza hazina wa kampeni ya Gidion, aliyegombea udiwani hapa Mpuguso, na ndiye aliyeandika orodha ya wachangiaji.

Babu akamjibu, "Msamaria mwema hakuahidiwa kukusanya ushuru wa soko, baba."

Nimeanzia hapo kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa hapa Mpuguso tarehe 14 Machi 1951, akasoma mpaka darasa la saba. Mwaka 1972 akawa karani wa mizani kwenye chai. Alikuwa anapima majani na kutaja jina na kilo kwa sauti, kila mchumaji asikie. Miaka thelathini hakuwahi kunong'ona. Hapo hapo kwenye mizani akampata bibi Winfrida. Eti kilo zake alizitaja mara mbili ili ageuke. Walifunga ndoa tarehe 7 Juni 1975.

Sasa, sheria inataka mgombea aonyeshe nani kamchangia. Gidion akamsihi, "Mzee, peleka karatasi ofisini, yaishe." Babu akapeleka. Halafu Jumamosi akasimama sokoni, akasoma kama yuko kwenye mizani: "Nsajigwa, mikungu miwili ya ndizi! Mama Atupakisye, debe la maharage! Erasto, gari, na petroli lita mia mbili!"

Mama Atupakisye, muuza ndizi, akauliza, "Erasto huyu anataka nini kwetu?"

Watu wakacheka, ila si sana. Kina mama walikwishasikia ile ahadi ya ushuru, na walijua ukiingia mikononi mwa Erasto, meza zao zimekwenda. Gidion akaona aibu, akarudisha gari siku ile ile, akamaliza kampeni kwa miguu. Akashinda kwa kura arobaini na moja! Erasto hakupewa ushuru, na kina mama wako kwenye meza zao mpaka leo.

Babu alianza kuumwa kifua Novemba mwaka jana, akalazwa mara mbili. Alifariki tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na wanane, mmoja wao mimi Lutengano ninayesoma, na soko ambalo mgombea hapewi nafasi ya kuongea kabla hajataja nani kamchangia.

Apumzike kwa amani babu yetu, kashinda. Mniwie radhi, wenzangu wananiita kaburini, mvua hiyo inashuka.