Ernestine Pechawis na Jiwe la Kukwangulia Ngozi

Ndugu, majirani na wageni mliokuja kwa barabara za barafu, naomba masikio yenu kwa dakika chache. Mimi ni Norbert Okemaw, mdogo wake marehemu, na kazi hii ya kusoma nimepewa si kwa kuwa nasoma vizuri bali kwa kuwa wengine wote wameikataa.

Marehemu Ernestine alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji chetu cha Ziwa la Matete, magharibi mwa jimbo letu la Saskatchewan, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Alphonse Okemaw na mama Marie-Rose, na kwa kuwa mama alikuwa akiumwa kifua, alilelewa na bibi yetu mzaa baba, aliyemfundisha kukwangua ngozi ya kulungu kwa jiwe alilorithi kwa bibi yake mwenyewe, jiwe dogo la kahawia la kuenea kiganjani, lenye kishimo upande mmoja kilichochimbwa taratibu na madole gumba ya wanawake wote waliolitumia.

Mwezi Septemba 1956 alichukuliwa kupelekwa shule ya bweni ya misheni, akakaa huko miaka tisa, akatoka mwaka 1965 akijua kusoma, kuandika, kufua na kunyamaza. Hakupenda kuizungumzia shule ile, nami sitasema zaidi yake, ila alitueleza kwamba neno alilolisikia huko kuliko yote lilikuwa "usiguse", na aliyegusa alichapwa vidole.

Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini mjini Saskatoon kuanzia 1966, akafunga ndoa na Wilfred Pechawis tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa watoto wawili, Rhonda mwaka 1972 na Dale mwaka 1974, ambao wote wapo hapa mstari wa mbele, na Wilfred alitangulia mwaka 2009. Bibi naye alikuwa amefariki mwaka 1970, akimwachia marehemu lile jiwe.

Tarehe 4 Mei 1992 aliajiriwa katika kituo cha urithi kilichoko kwenye bonde la mto, mahali ambapo watu wetu walipiga kambi na kuwinda nyati tangu enzi na enzi, akaanza jikoni akiwakaangia wageni mikate, lakini mwaka 1995 mwalimu wa watoto alipoacha kazi ghafla, basi la shule likiwa limeshaegeshwa nje, marehemu alijifuta unga mikononi, akatoka kuwapokea, na jikoni hakurudi tena. Kwa miaka ishirini iliyofuata aliwafundisha watoto kusimamisha hema la nguzo kumi na tano, kurusha mikuki, kukwangua ngozi, na kuchimba kwa brashi katika sanduku la mchanga ambamo kila asubuhi alifukia mifupa na vichwa vya mishale vya kuigiza. Kabla ya kufukia aliweka tumbaku kidogo, kama tunavyofanya popote tunapofungua ardhi, na wenzake walipomcheka kwamba mchanga ule umenunuliwa dukani kwa magunia, aliwajibu, "Kwani dukani ndiko ulikozaliwa?"

Kanuni ya kituo ni kwamba vitu halisi hukaa ghalani chini ya kufuli, na watoto hushika nakala zenye alama ya rangi nyekundu. Masika ya mwaka 1996 marehemu alilipaka jiwe la bibi alama nyekundu, akalitumbukiza kwenye sanduku la nakala pamoja na mengine thelathini, asimwambie mtu. Mimi nilipomuuliza jiwe liko wapi, alinijibu, "Liko kazini," nikaamini ameliuza, nikakaa miaka miwili bila kumsemesha, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Alistaafu mwaka 2015, akaendelea kwenda kila Jumanne bila kuitwa. Mwaka 2021 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Oktoba iliyopita alilazwa moja kwa moja. Mwezi huohuo Bi. Ingrid Haugen, mtunza ghala, alipokuwa akihesabu nakala, aliona jiwe moja ambalo rangi yake imefutwa na mikono ya watoto, akalitazama vizuri, akalifunga kwenye pamba, akaja nalo hospitalini akiwa amevaa glavu.

"Mama Ernestine, hiki ni kitu halisi. Lazima kiingie kabatini."

"Vua hizo glavu kwanza, mwanangu, ndipo tuongee."

Bi. Haugen alizivua, akalishika, na dole gumba lake likaingia lenyewe kwenye kile kishimo. Mimi nilikuwepo, nikaona macho yake yamejaa machozi.

Nilidakia kwamba jiwe ni la familia na tutamzika nalo. Marehemu alinigeukia akasema, "Norbert, hata wewe unataka kulifungia? Huko niendako hakuna ngozi ya kukwangua. Bibi alinipa nilitumie, hakunipa nilitunze." Nilikasirika, nikatoka nje, na iliwachukua Rhonda na Dale wiki tatu kunifanya nikubali. Bi. Haugen aliandika katika daftari la kituo: mali ya familia, limeazimwa kwa ajili ya kushikwa.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mitano, ameacha watoto wawili, wajukuu sita, na watoto wa shule ambao hakuna aliyewahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani walioleta supu na chai siku zote nne za mkesha, wafanyakazi wenzake wa kituo, na vijana waliokoka moto siku mbili ili ardhi iyeyuke tupate kuchimba kaburi.

Kabla ya kutoka, jiwe litaanzia mstari wa mbele na kupita kwa kila mtu, nanyi mlio nyuma msiwe na haraka, nalo likifika mwisho apewe Bi. Haugen, kwani kesho saa tatu asubuhi watoto wa darasa la nne wanakuja, na mimi nimeombwa nikawaonyeshe namna ya kulishika.

Dada, nimekubali. Upumzike sasa.