Mama Nukta na Mikia Iliyomshinda

Wazee wetu, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, asimame hapa awasomee maisha ya dada yake, naye anawaomba mvumilie, maana ziko sehemu ambazo sisi wenyewe tumezijadili tangu jana na bado hatujaelewana.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nukta, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966, hivyo ndivyo cheti kinavyosema, ingawa mama yetu anasema ulikuwa mwezi wa tatu, na yeye alikuwepo ilhali karani aliyeandika cheti hakuwepo, kwa hiyo tumekubaliana kusoma tarehe ya cheti na kumwamini mama. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako kila kitu kilinukia usafi hata pale ambapo hapakuwa safi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari hadi 1983, kisha akasomea uhazili, na walimu wake wote walimwandikia neno lilelile, kwamba ana bidii lakini anauliza mno, jambo lililomsumbua baba, kwa sababu dada alikuwa na tabia ya kuuliza swali, kupewa jibu, kushukuru vizuri kabisa, halafu kuuliza tena lilelile kwa mtu mwingine.

Tarehe 15 Januari 1987 aliajiriwa katika kituo cha kuunganishia simu, akikaa mbele ya ubao wenye matundu na waya, na huko ndiko alikokutana na mumewe, seremala tunayemwita Fundi Randa, aliyeitwa kutengeneza droo ya meza yake iliyokuwa ikikwama, akaitengeneza, ikakwama, akarudi, ikakwama tena, hadi dada akamwambia mbele ya wenzake wote, "Fundi, kama una la kusema sema, uiache droo ya watu ipumzike." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni mkunga, na kijana wa kiume ambaye ni fundi umeme, wote wawili wako hapa mbele.

Mwaka 2002 mashine zilichukua kazi ya wale wa waya, naye akahamishiwa ofisi inayosajili anwani za tovuti, na hapa ndipo familia ilipoanza kupotea njia. Kwa jinsi alivyotueleza mara nyingi, kila anwani ya tovuti ina maandishi mafupi mwishoni, baada ya nukta, na mengine ni ya dunia nzima, kama ile kom mnayoijua, mengine ni herufi mbili za nchi fulani, na yeye aliyaita mikia, na kazi yake ilikuwa kuwashawishi watu wachukue mkia wa nchi yetu. Mama aliposikia hivyo aliwaambia majirani kwamba binti yake anauza mikia, na jirani mmoja akaja asubuhi na bakuli, akitaka wa ng'ombe.

Mwaka 2009 mkuu wake wa kazi alimtuma akachunguze kwa nini mkia wa nchi unapendwa sehemu moja na kukimbiwa sehemu nyingine, na akaenda kwanza mji wa juu ya mto, ambako mwuza dawa alimwambia, "Mama, nisipoweka mkia wa hapa kwetu, watu wataniona tapeli," na maduka yote ya barabara ile yalisema vivyo hivyo, naye akafurahi akadhani ameshika jibu. Alipoteremka mji wa chini ya mto, watu walewale, lugha ileile, hata bei za sokoni zilezile, msusi mmoja alimcheka akasema, "Dada, mkia wa nchi ni wa ofisi za serikali, mteja akiuona anadhani nataka kumkagua," na huko karibu kila kibao kilikuwa na kom. Akarudi juu, akashuka tena chini, akauliza vijana, akauliza wazee, akauliza hata mchora vibao anayefanya kazi miji yote miwili, naye akamjibu kwamba yeye huchora anachoambiwa.

Ripoti aliyopeleka kwa mkuu wake ilieleza aliyoyaona yote kwa urefu, na pale penye sababu aliandika kwamba hajui. Mkuu alimwita akamwuliza, "Yaani tumekuzungusha kote huko urudi na sijui?" Dada akamjibu, "Nikisema najua nitakuwa nakudanganya, bosi, na wewe utamdanganya wa juu yako." Aliondolewa kwenye uchunguzi, akawekwa dirishani kupokea maombi ya wateja, na alirudi nyumbani siku ile akakaa barazani bila kuvua viatu, akamwuliza mumewe kama kweli mtu anaweza kuadhibiwa kwa kutojua.

Sasa baya zaidi lilikuja na Fundi Randa mwenyewe, ambaye mwaka 2012 alitaka tovuti ya karakana yake, na badala ya mkia anaoulinda mkewe alichagua wa nchi moja ya mbali sana, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, kwa sababu tu herufi zake mbili ni n na i, na ukizibandika kwenye jina la biashara yake, Karakana, unapata karakanani. "Si Kiswahili hicho?" alituuliza, "Mteja akiuliza fundi yuko wapi, ameshajibiwa." Ofisini walimcheka dada kwamba kinyozi hajinyoi, lakini nyumbani hakumkataza, na jambo lililomchanganya kuliko yote ni kwamba wateja waliupenda mkia ule, wakaja kutoka miji yote miwili ya mto, wa juu na wa chini, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya mkia wowote.

Mwaka 2017 wenye mkia ule walibadilisha masharti, anwani ikazimika bila hodi, na wateja waliokuwa wakiagiza vitanda wakadhani fundi amefunga au amekufa. Shemeji yetu akawa anakwenda karakanani kupanga mbao ambazo zilikwishapangwa, na dada, ambaye angeweza kusema nilikwambia, hakusema, labda kwa sababu hakuwahi kumwambia. Alitafuta jina la Karakana kwa mkia wa nchi, akakuta limechukuliwa zamani na seremala wa mji wa chini ya mto, mtu pekee mji ule aliyeupenda mkia huo, basi akafunga safari kwenda kumwomba.

Yule seremala, ambaye yuko nasi leo, anasema alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mama, jina sikupi, watoto wangu wanakula kwa jina hili." Dada alimwambia ana haki, akamshukuru, na akiwa mlangoni akamgeukia na swali lake la siku zote, kwa nini yeye peke yake kati ya watu wa huko alichukua mkia wa nchi. Fundi yule akafikiri, akasema, "Hata sijui, niliuona tu mzuri." Dada akarudi akakaa kitini akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu ukweli, na kabla hajaondoka fundi aliweka kwenye tovuti yake simu ya Fundi Randa na neno kwamba kazi za mji wa juu ziende kwake. Wateja walichanganyikiwa, wakampigia huyu wakimtaka yule, hadi mafundi wenyewe wakachoka kuelezana, wakaanza kufanya kazi pamoja, na wamefanya hivyo mpaka leo.

Alistaafu mwaka 2021. Mwezi Agosti mwaka jana alianza kuumwa kichwa na kusahau majina, na madaktari wakagundua uvimbe katika ubongo, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika. Miezi ya mwisho hakututambua vizuri, naye alimwuliza kila aliyekaa kando ya kitanda chake, kwa adabu, "Samahani, wewe ni wa wapi?" Sisi tulimtajia mtaa, tukamtajia ukoo, mumewe akamtajia karakana, binti yake akamtajia wodi anayofanyia kazi, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine, mpaka alipomwuliza mama yetu, na mama akasema, "Mimi? Mimi ni wa kwako." Akatulia, akamshika mkono. Alifariki tarehe 3 mwezi huu, asubuhi, mama akiwa bado amekaa hapo.

Jeneza hili limetengenezwa na mafundi wote wawili, kwa kuwa Fundi Randa alikata mbao za pande zote akafika kwenye kifuniko akaweka msumeno chini, na mwenzake akapanda basi la alfajiri kuja kukimalizia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale wa zamu ya asubuhi waliomjibu swali lake kila alipouliza bila kuonyesha kuchoka, majirani waliotupikia na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa dirishani na wale wa zamani wa waya, pamoja na mkuu wake wa kazi wa wakati ule, aliyekuja jana akakaa nasi muda mrefu, nasi hatukumwuliza kwa nini.

Pumzika, dada, na amani iwe nawe huko, tumekupenda bila kukuelewa vizuri, na hata leo hatuelewi.