Kikombe Chekundu cha Bwana Munyao

Wafanyakazi wote wanatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kikombe cha bati chenye doa la rangi nyekundu kimeondoka rasmi kwenye kabati letu la chai. Kinaondoka na mwenyewe, Bwana Munyao, karani wa masijala, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni 1990, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi.

Alitoka Machakos mwaka wa 1964 na sanduku moja na koti ambalo baridi ya Nyeri ililicheka. Hajawahi kupoteza faili hata moja. Mimi nimepoteza matatu, moja likiwa langu mwenyewe, na ni yeye aliyelipata.

Mwaka wa 1977 akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hasa baada ya chakula cha mchana, akiinamia droo za chini. Alipimwa makohozi mara nne na kupigwa picha ya kifua mara mbili. Yote safi. Lakini ofisi ilikuwa imeshaamua ni TB. Ikamhamishia stoo, akanywa chai peke yake, kikombe chake kikapakwa rangi nyekundu ili mwingine asikiguse, na cheo cha karani mkuu akapewa mtu aliyeajiriwa miaka minane baada yake. Hilo linaniudhi mpaka leo, na sitalipunguza makali ati kwa sababu ni siku ya soda na keki.

Sisi tuliompenda ndio tuliomchoma zaidi. Mimi nilimletea ndimu za shambani kwangu kila wiki, nikasimama pale kuhakikisha amekunywa maji yake bila sukari. Daktari mzima!

Mwaka wa 1983 alipeleka barua Kiriaini, akakohoa mbele ya Sista Tryphosa wa zahanati. Huyo ndiye wa kwanza kumuuliza anakohoa akiwa amekaaje. Akajibu: akiinama, na akilala ameshiba; akataja na ndimu zangu.

"Baba, hiyo si kifua. Ni asidi ya tumbo inapanda mpaka kooni. Na ni nani huyo anakupatia ndimu?"

Hakuwa na kiungulia hata kidogo, ndiyo maana hakuna aliyefikiria tumbo. Akapewa dawa, akaambiwa ale jioni mapema na ainue kitanda kwa matofali upande wa kichwa. Miezi mitatu baadaye, kimya.

Ofisi ikamtoa stoo. Cheo hakikurudi. Hakuna aliyemwomba msamaha. Naye akaendelea kunywa chai kwa kikombe kilekile, miaka saba, mbele ya macho yetu.

Asante kwa yote, Bwana Munyao. Ule mapema, ulale vizuri, na Machakos ikupokee kwa heshima tuliyokunyima.

Sasa ukweli. Tumezoea kusema hatujui ni nani aliyepaka ile rangi. Ni mimi. Nilitumia brashi ya kuandikia maboksi, Jumatatu asubuhi, kisha nikakupelekea ndimu. Kidole changu kilikuwa bado chekundu. Ulikitazama, ukasema asante, ukanywa.

Nisamehe, Mzee.